JIWE LA IVUNA NA JIWE LA ANGANI

Leo tutasema juu ya mawe yanayozunguka jua huko mbali. Wataalamu huyaita asteroidi. Mtauliza: mtu atalijuaje jiwe asiloligusa?

Atalijua kwa mwanga. Mwanga wa jua tunauona mweupe, lakini ndani yake mna rangi nyingi. Mmeziona katika upinde wa mvua. Jua likilipiga jiwe, jiwe humeza sehemu ya mwanga na kurudisha iliyobaki. Kila madini yana sehemu yake yanayoimeza. Chombo kiitwacho spektromita huuchambua mwanga uliorudi, hata ule tusiouona kwa macho, na kuonyesha kilichopungua.

Sasa sikilizeni vema. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, upande wa Ziwa Rukwa. Kilikuwa na gramu 705 tu, hata kilo haikufika. Lakini namna yake ni adimu sana duniani. Ndani yake mna madini ya udongo, na maji yamefungwa humo. Si maji ya kukamua kwa mkono. Hayatoki mpaka kwa moto, kama mfinyanzi achomavyo chungu. Kundi la vimondo hivyo huitwa CI, na hiyo herufi I ni ya Ivuna yetu.

Mwaka 2018 Wajapani walifikisha chombo chao, Hayabusa2, kwenye asteroidi Ryugu, yenye upana wa karibu mita 900. Spektromita ikaona mwanga umepungua pale pale panapomezwa na madini yenye maji. Ila upungufu ule ulikuwa hafifu. Ikadhaniwa kwamba jiwe liliwahi kuchomwa na joto, maji yakatoka.

Tarehe 6 Desemba 2020 mchanga wa Ryugu, kama gramu 5, ukafika duniani. Ulipopimwa ulifanana mno na jiwe la Ivuna, na maji yamo! Uso tu ndio uliokauka, kwa kupigwa na chembe zitokazo katika jua na vijiwe vidogo mno. Spektromita haikusema uongo, ilisoma ngozi. Ninyi mnalijua jambo hili: mafuriko ya Kilombero yakipungua, tope hukauka juu na kupasuka, lakini ukikanyaga mguu unazama.

Haya, chukueni kalamu. Andikeni: Ivuna, 1938. Chini yake: Ryugu, 2020.