Nati Iliyogoma Kuzunguka

Gari la msikiti wetu hapa Bukoba hubeba wagonjwa, walimu wa madrasa na, inapobidi, majeneza hadi vijiji vya Muleba. Tulilinunua likiwa limekwisha tumika, nalo lina shokapu za kurekebishwa: nati pana hupandisha au kushusha springi, na kitufe cha juu huifanya shokapu kuwa ngumu au laini. Sifa hiyo tulijivunia bila kuitunza.

Masika yaliyopita tulikuwa na maziko Kamachumu. Tulitaka kuinua sehemu ya nyuma kabla ya kupakia jeneza. Nati ya kulia ilizunguka. Ya kushoto ikagoma. Kijana mmoja wa gereji akawasha gesi ili aipashe moto. Fundi mzee akamshika mkono: "Acha, mwanangu. Ndani humo mna oili na gesi iliyoshindiliwa. Ikipata moto yaweza kutupasukia usoni." Tukairudisha ya kulia ilipokuwa, tukaondoka tumechelewa, jeneza likitikisika kila penye shimo, na wafiwa wakitusubiri makaburini. Aibu ile ilikuwa yetu, wala si ya fundi.

Ndugu zetu wa Pwani hulaumu chumvi ya bahari. Ziwa letu ni la maji baridi, lakini Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na tope jekundu hujaa katika meno ya nati likahifadhi unyevu. Chuma kikigusana na aluminiamu penye unyevu, aluminiamu huliwa upesi zaidi.

Siku hizi, kila mwezi, gari huinuliwa kwa jeki na kukalishwa juu ya stendi imara, magurudumu yakining'inia, ili springi ipunguziwe mzigo. Meno husuguliwa kwa maji na brashi isiyo ya waya, yakakaushwa. Ndipo nati huzungushwa kidogo na kurudishwa kwenye alama ya rangi. Grisi nzito hatupaki, kwani hunasa mchanga ukawa msasa. Utando mwembamba wa mafuta ya kuzuia kutu watosha. Kitufe nacho huzungushwa toka laini hadi ngumu, tukihesabu milio yake, kisha hurudishwa kwenye hesabu ileile. Kikigoma, hakilazimishwi kwa koleo.

Nati ya kushoto tuliilowesha mafuta ya kulegeza kutu kwa siku 3, bila nyundo wala patasi. Ikafunguka kwa spana yake ya ndoano, ila meno ya juu yalikwisha liwa. Haipandi tena hadi mwisho.