Video Hii ni ya Mwaka Gani?

Kwa desturi, Wabukusu wa Bungoma hutahiri vijana wao Agosti ya mwaka shufwa: 2022, 2024, 2026. Basi ikitumwa video kwenye grupu la WhatsApp, kijana kapakwa matope anatoka mtoni alfajiri, waimbaji wamemzunguka, na chini pameandikwa "Chwele leo, Agosti 2025", mama muuza mboga wa Chwele ataitilia shaka papo hapo. Video yenyewe huenda ni halisi kabisa. Uongo uko kwenye tarehe, na uongo wa namna hiyo hauhitaji mashine yoyote.

Kitale nako kipimo ni mahindi. Kaunti ya Trans Nzoia, uliko mji huo, hupanda kwa mvua za Machi na Aprili, huanza kuvuna Oktoba. Picha ya shamba la Kiminini lililokauka likisubiri wavunaji, ikidaiwa kupigwa Mei, imejishtaki yenyewe.

Akili unde imeongeza ugumu. Machi 2023, picha ya Papa Francis kavaa koti jeupe la kifahari, iliyotengenezwa kwa programu ya Midjourney, ilihadaa watu wengi duniani. Siku hizo tuliambiwa tuhesabu vidole na tusome maandishi ya mabango, maana hapo ndipo mashine ilipoboronga. Ushauri huo umechakaa; leo mashine huchora vidole vitano na kibao cha M-Pesa kisicho na kosa. Google huficha alama iitwayo SynthID ndani ya picha za mashine zake, na programu yake ya Gemini inaweza kuitafuta. Isipoiona, hilo si thibitisho: huenda picha imetengenezwa na kampuni nyingine. Anayetaka kujua picha ilipigwa lini na kwa simu gani naye ana kazi, kwa kuwa WhatsApp hufuta habari hizo picha ikitumwa kama kawaida. Amwombe mtumaji aitume kama faili.

Kuna na upande wa pili, ambao pengine ni mbaya zaidi: kukataa kilicho halisi. Ali Bongo, rais wa Gabon wakati huo, aliugua kiharusi Oktoba 2018. Video yake ya salamu za mwaka mpya ilipotoka, wapinzani walidai ni ya kughushi, ingawa ushahidi wa kughushi haukupatikana. Shaka hiyo ikiwa bado hewani, Januari 7, 2019, wanajeshi walijaribu kupindua serikali.

Wakenya watapiga kura Agosti 2027, na picha za Fomu 34A, zinazoandikwa matokeo ya kila kituo, zitazagaa tena. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka fomu za vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti yake. Msajili wa Mahakama ya Juu alipokagua baadhi yazo, nakala za tovuti zilifanana na za karatasi. Atakayetumiwa picha ya fomu ya kituo cha Kimilili atafute ya kituo hicho hicho kwenye tovuti, kisha alinganishe tarakimu moja moja.