Mwanafunzi wa chuo, ukirudi Ngarambe likizo usiidharau malaria

Vijana kutoka Ngarambe, Utete, Ikwiriri na Kibiti wanaosoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hujifunza maisha mapya haraka: kutafuta kitanda Mabibo au hosteli za Magufuli, kusubiri bumu la Bodi ya Mikopo, kukesha na madaftari kwa kuogopa sapu na kudisko. Lakini kuna badiliko ambalo hakuna anayewaambia. Mwili uliozoea malaria ya nyumbani huanza kuisahau. Ukirudi likizo, ugonjwa uliokuwa ukikupitia kwa homa ndogo unaweza kukulaza kitandani, hata kuhatarisha maisha yako.

Kinga yako ilitoka wapi?

Ukikulia Rufiji, umeumwa na mbu wenye vimelea vya malaria tangu utotoni. Kila mara mwili ulijifunza kidogo kupambana navyo. Ndiyo maana malaria huua zaidi watoto wa chini ya miaka 5, wakati mtu mzima mwenyeji anaweza kuwa na vimelea kwenye damu na bado akaenda shamba.

Kinga hiyo si kamili wala si ya kudumu. Inahitaji mwili ukutane na vimelea mara kwa mara. Dar es Salaam malaria ipo, ila ni kidogo kuliko vijijini kwetu. Shahada huchukua miaka 3 au zaidi, na muda wote huo kinga inapungua taratibu. Zahanati haina kipimo cha kukuonyesha imebaki kiasi gani. Kwa hiyo usijidanganye kwamba kwa kuwa umezaliwa hapa, malaria haikuwezi.

Ukiwa nyumbani

Ukifika kijijini utasaidia kazi za shamba. Pengine utalala kwenye dungu kulinda mazao dhidi ya nguruwe, nyani na tembo. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, na dungu halina madirisha ya nyavu. Tena chandarua ulichokuwa ukilalia huenda sasa wanalalia wadogo zako.

Fanya hivi:
- Piga simu kabla ya safari, uulize kama chandarua chako kipo. Kama hakipo, njoo nacho.
- Funga chandarua chenye dawa hata ndani ya dungu.
- Jioni ukikaa nje, vaa nguo ndefu na ujipake dawa ya kufukuza mbu.
- Ukipata homa, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Usisubiri ipite yenyewe.

Ukirudi chuoni

Hapa ndipo wengi hukosea. Malaria haianzi siku unayoumwa na mbu. Kwa kawaida dalili hutokea baada ya siku 7 hadi 14, na wakati mwingine baada ya mwezi au zaidi. Unaweza kuumwa na mbu usiku wako wa mwisho Ngarambe, ukaugua vipindi vimeshaanza Mlimani.

Homa, baridi, kichwa, maumivu ya viungo na uchovu ni rahisi kuvisingizia kusoma sana au njaa ya bumu kuisha. Wengine hukimbilia duka la dawa na kununua za UTI au taifodi bila kupima. Nenda kituo cha afya, na neno lako la kwanza liwe: "Nimetoka Rufiji wiki mbili zilizopita." Usiposema, mhudumu anaweza asiifikirie malaria mapema. Kipimo cha haraka ni tone la damu kidoleni, na majibu hutoka kwa dakika chache. Kikionyesha huna malaria lakini homa ikaendelea, rudi upimwe tena.

Ukiandikiwa dawa mseto (ALU), mtu mzima hunywa vidonge 4 mara mbili kwa siku, kwa siku 3. Dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza. Jumla ni vidonge 24, umalize vyote hata ukijisikia vizuri siku ya pili. Kunywa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, kama maziwa, karanga au chapati, ili dawa iingie vizuri mwilini. Ukiwa mjamzito, mwambie mhudumu kabla hajakupa dawa yoyote.

Dalili za hatari

Mpeleke mwenzako hospitali mara moja, hata usiku, ukiona:
- anachanganyikiwa, analala bila kuamka au anapata degedege;
- anatapika kila anachokunywa;
- anapumua kwa shida au hawezi kukaa mwenyewe;
- macho ni ya njano au mkojo ni mweusi.

Hiyo ni malaria kali. Vidonge vya chumbani havitoshi, anahitaji sindano.

Na mtihani je?

Usiingie kwenye chumba cha mtihani ukiwa na homa kali. Pia usikose mtihani kimya kimya, maana kukosa bila taarifa kunaweza kukugharimu masomo yako. Pata cheti cha daktari siku hiyo hiyo, kisha wewe au mwenzako mtoe taarifa idarani mapema.

Mzazi, mwanao akirudi likizo, mhesabu kwenye vyandarua kama unavyomhesabu mtoto mdogo.