Herufi za Kwenye Shati Ziliandikiwa Dobi

Mtu akivaa shati lenye herufi za jina lake zilizotariziwa kwenye mfuko au pindo la mkono, wenzake humwona mwenye majivuno. Wanamwonea. Kwa muda mrefu herufi hizo hazikuwahusu wageni. Zilishonwa ndani ya kola, kwenye pembe ya shuka na ncha ya taulo, ili zisomwe na mfuaji, maana nguo nyeupe za nyumba nyingi zikishachanganyika kwenye pipa moja la maji ya moto, hakuna anayejua ya nani ni ipi.

Huko Ulaya herufi zilishonwa kwa mishono midogo ya msalaba, mara nyingi kwa uzi mwekundu uliotiwa rangi ya mizizi isiyochuja hata maji yakichemka. Kando ya herufi iliwekwa namba, ili mashuka yatumike kwa zamu na yote yachakae kwa pamoja. Wasichana wengi waliijua alfabeti kwa njia hiyo, sindano mkononi.

Madobi wa India hawakuwa na nafasi ya kutarizi. Wao walitumia kokwa la mti uitwao bhilawa, kwa jina la kitaalamu Semecarpus anacardium, na hapa ndipo penye ajabu. Ganda la kokwa hilo limejaa mafuta mazito ya rangi ya kahawia. Dobi alichovya sindano humo, akachora nukta na mistari aliyoijua mwenyewe, kisha akapaka chokaa. Mafuta yakikutana na hewa, molekuli zake hunasa oksijeni na kuanza kushikana zenyewe kwa zenyewe, hadi zinakuwa kitu kimoja cheusi kigumu. Kwa kuwa yalikwisha kunywewa na pamba kabla ya kukauka, ugumu huo hutokea ndani ya uzi. Wino wa kawaida huyeyuka majini ukaondoka na povu. Huu hauyeyuki, na sabuni haiuwezi.

Mafuta hayo yana ukali wake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, madaktari wa jeshi la Marekani waliokuwa India walipata askari wenye vipele shingoni na kiunoni, mahali hasa ambapo alama ya dobi hugusa mwili. Mwaka 1943 waliuandika ugonjwa huo kwenye jarida la tiba. Nguo zilikuwa safi kabisa. Kilichowasha ni alama yenyewe.

Mtu wa Mtwara au Kilifi hatashangaa. Bhilawa na mkorosho ni ukoo mmoja, na aliyewahi kudondokewa na maji ya bibo kwenye nguo nyeupe anajua kwamba doa lile halitoki. Ganda la korosho nalo lina mafuta ya jamii hiyohiyo, yaliyowahi kutumika kutia nguo alama, na ambayo huunguza vidole vya wabanguaji wasio na glavu.

Kinachoniudhi ni kwamba sehemu kubwa ya korosho ya Tanzania imekuwa ikisafirishwa ghafi, ganda na mafuta yake humohumo. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa kusini miaka ya 1970 vingi viliishia kuwa maghala. Wenzetu wa India na Vietnam hukamua maganda wakapata malighafi ya rangi, gundi na breki za magari. Sisi tunalipwa bei ya punje.

Tukirudi kwenye herufi, zilipohamia nje ya nguo zilibadilisha pia mmiliki. Mwaka 1896 Georges Vuitton wa Paris alipamba turubai la masanduku yake kwa L na V za jina la marehemu baba yake, akiwakimbia waigaji. Leo mtu hulipa fedha nyingi abebe herufi za mtu mwingine, na waigaji hawajaisha. Kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyejulikana kama Abdulla, angalau hazifichi: zimeandikwa K.H.E., Mali ya Abdulla, ingawa pesa umetoa wewe.

Kazi nyingine za alama ni nyingi: mashuka ya hospitali, sare za askari, taulo za hoteli (siku hizi baadhi hushonewa kidude cha mawimbi ya redio), polisi kumtambua maiti asiye na kitambulisho, hata sweta za mitumba zenye jina la mtoto wa Ulaya ndani ya kola. Na blanketi za bweni. Ukimpeleka mwanao shule, usimwandikie jina kwa makapeni. Mshonee, uzi mwekundu, pamoja na namba yake ya shule. Wino wa makapeni hufifia kwa kufuliwa, na wanaoiba blanketi wanalijua hilo.