Baisikeli ya milimani London: rahisi huweza kuwa ghali

Kwa Waafrika Mashariki wengi wanaoishi London, nauli ni gharama inayouma kila wiki. Si ajabu basi kwamba wapo wanaofikiria kununua baisikeli, na macho mara nyingi huenda kwenye ile ya milimani: matairi mapana, gia nyingi na umbo la kibabe.

Nyumbani tumezoea Phoenix au Swala, chuma kizito ambacho fundi wa chini ya mwembe hukitengeneza kwa spana mbili. London mambo ni tofauti. Malipo ya fundi huweza kukaribia bei ya baisikeli yenyewe ya mtumba, kwa hiyo uamuzi wa siku ya kununua ndio unaookoa au kupoteza fedha.

Jambo la kwanza la kuepuka ni baisikeli ya bei ya chini kabisa yenye springi mbele na nyuma. Hupendeza macho, lakini springi za bei hiyo ni nzito, hulegea mapema na humla nguvu mwendeshaji. Kwa matembezi ya kawaida, yenye springi mbele tu inatosha. Mpya ya kuanzia, kama vile Rockrider ya Decathlon au Carrera ya Halfords, kwa kawaida hupatikana kwa kati ya pauni 250 na 450.

Usihesabu gia, kagua breki. Panda juu yake kabla ya kulipa: ukisimama huku umeipanua miguu, pawepo nafasi ya sentimita chache kati yako na fremu. Kubwa kuliko kimo chako ni hatari, hata ikiuzwa kwa punguzo.

Upo pia mpango wa serikali wa Cycle to Work, ulioanza mwaka 1999. Mwajiri hununua baisikeli, nawe hukatwa kidogo kidogo katika mshahara kabla ya kodi. Tatizo ni kwamba makato hayo hayaruhusiwi kuushusha mshahara chini ya kima cha chini cha kisheria. Hivyo wengi wanaofanya usafi au kulea wazee, ambao ndio wenye kuhitaji nafuu zaidi, hujikuta nje ya mpango.

Kwao mtumba ndiyo njia. Inua gurudumu, lizungushe, uone kama linayumba. Tazama kutu kwenye mnyororo. Kisha pindua baisikeli usome namba iliyopigwa chini ya fremu, karibu na pedali, na uitafute bure katika daftari la BikeRegister linalotumiwa na polisi. Muuzaji asiyetaka namba isomwe, muage. Mali ya wizi ikigundulika hurudishwa kwa mwenyewe, na fedha yako imekwenda.

Wizi wenyewe ni janga la jiji hili. Tenga sehemu ya bajeti kwa kufuli imara lenye alama ya Sold Secure, na ufunge fremu pamoja na gurudumu, si gurudumu peke yake.

Sheria nazo zikumbukwe. Usiku ni lazima taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Kuendesha kwenye njia ya waenda kwa miguu kunaweza kukuletea faini ya pauni 50. Kofia ngumu si lazima kisheria, ila inashauriwa. Asiyejua kuendesha asione haya: halmashauri nyingi za London hutoa mafunzo ya bure au ya bei nafuu kwa watu wazima.

Na pa kwenda papo. Richmond Park ina njia ya kuzunguka ya takriban kilomita 12. Wanaopenda matope wana msitu wa Epping. Aidha, tangu sheria ya mwaka 1968, waendesha baisikeli wanaruhusiwa kupita katika njia za farasi nje ya mji, mradi wawapishe wapanda farasi na waenda kwa miguu.

Kwa matembezi hayo ya Jumapili, baisikeli isiyo na mbwembwe, yenye breki zinazoshika na kufuli lisilokatika upesi, inatosha kabisa.