Skripti za Kuanzishia Tarakilishi na Suala la Usanifishaji

Utangulizi

Baina ya kubonyezwa kwa swichi ya tarakilishi na kutokea kwa mahali pa kuandika jina na neno la siri, kazi nyingi hutendeka ambazo mtumiaji hazioni. Diski hukaguliwa, saa hurekebishwa, mtandao hufunguliwa, huduma ya barua pepe au ya printa huamshwa. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Katika mifumo endeshi ya jamii ya Unix, kazi hizi kwa miaka mingi zimeandikwa katika skripti, yaani faili za maandishi ya kawaida zenye amri zinazofuatana. Anayezisoma amri hizo ni programu iitwayo sheli, ambayo huzifasiri na kuzitekeleza moja baada ya nyingine.

Makala haya yananuia kueleza ni kwa nini skripti inayofanya kazi vyema katika mfumo mmoja hukwama katika mwingine, na ni kwa njia gani inaweza kuandikwa ili ihamishike. Tunadai kwamba skripti huhamishika pale mwandishi wake anapotumia kaida zilizokubaliwa na wote, na kuzitenga mahali pamoja tofauti zisizoepukika. Suala hili, ingawa linatoka katika taaluma nyingine, si geni kwa mwanafunzi wa Kiswahili.

Chimbuko la Tofauti

Unix ilianza mwaka wa 1969 katika maabara ya Bell nchini Marekani. Mwaka wa 1979, toleo lake la saba lilikuja na sheli iliyoandikwa na Stephen Bourne, na sheli hiyo ndiyo mzazi wa nyingi tulizo nazo leo. Baadaye Unix iligawanyika matawi. Tawi la BSD, lililokulia katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, liliziweka kazi za uanzishaji katika skripti kuu inayoitwa /etc/rc. Tawi la System V la kampuni ya AT&T lilizigawa: kila huduma ilipewa skripti yake, na nambari ya kuonyesha zamu yake.

Sheli nazo zilizaana. Mwaka wa 1989 Brian Fox alitoa Bash kwa ajili ya mradi wa GNU. Mwaka uo huo Kenneth Almquist alitoa ash, sheli ndogo na nyepesi. Zote mbili huielewa lugha ya Bourne, lakini Bash iliongeza msamiati na miundo mingi ambayo wenzake hawaijui.

Hapa ndipo tunapoona mfanano na historia ya lugha yetu. Sheli hizi ni mithili ya lahaja: zina asili moja, zinaelewana kwa mengi, na zinapotezana kwa machache. Kama vile mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 ulivyoichagua Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya mwaka wa 1930 ikapewa jukumu la kuusimamia usanifishaji huo, ndivyo wataalamu wa Unix walivyoafikiana juu ya kaida ziitwazo POSIX. Sehemu ya kaida hizo inayohusu sheli ilitolewa mwaka wa 1992. Ni muhimu kusisitiza kwamba kuwapo kwa sanifu hakuifanyi Bash kuwa mbovu, kama ambavyo Kiswahili sanifu hakikuifanya Kimvita kuwa lugha ya makosa. Sanifu ni makubaliano tu kuhusu kile ambacho kila msomaji anatarajiwa kukielewa.

Hasara ya Kuandika kwa Mazoea

Katika mifumo hii, skripti nyingi huanza kwa kuagiza zisomwe na sheli iitwayo /bin/sh. Hilo ni jina la cheo. Anayekikalia cheo hicho hubadilika. Katika Ubuntu, hapo awali aliyekuwa akikikalia ni Bash. Mnamo Oktoba 2006, Ubuntu 6.10 ilimpa cheo hicho dash, ambaye ni mjukuu wa ash. Sababu kuu ilikuwa kasi: uanzishaji huiita sheli mara nyingi, na sheli nyepesi huharakisha kazi. Debian ilifuata mkondo huo mwaka wa 2011.

Badiliko hilo liliwafichua waandishi waliokuwa wakiandika Kibash huku wakidai kuandika sanifu. Chukua mfano mmoja. Ili kulinganisha maneno mawili, POSIX hutumia alama "=". Bash hukubali pia "==". Skripti ikisema kwamba huduma iamshwe endapo jibu == "ndiyo", dash haiielewi alama hiyo. Hutoa mstari mmoja wa malalamiko, huchukulia kwamba sharti halikutimia, kisha huendelea na safari. Skripti haifi, inapotea njia. Tarakilishi inaamka ikionekana nzima, kumbe huduma fulani imelala. Anayelipia kosa hilo ni msimamizi wa seva, ambaye pengine hajapata kuiona skripti yenyewe.

Njia za Kuzihamisha Skripti

Njia ya kwanza ni kujifunga katika sanifu: kuandika "=" badala ya "==", nukta badala ya amri "source", na "printf" badala ya "echo -e". Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Ipo hata programu iitwayo checkbashisms, inayozikagua skripti na kuyaonyesha maneno ya Kibash yaliyojipenyeza.

Njia ya pili ni uwazi. Anayezihitaji fani za Bash na aitaje Bash kwa jina katika mstari wa kwanza. Hata hivyo, akumbuke kwamba si kila mfumo unayo. FreeBSD, kwa mfano, haiji na Bash; mtumiaji huiongeza mwenyewe, nayo hukaa katika folda tofauti na ile ya Linux.

Njia ya tatu ni kuzitenga tofauti. Mfano bora ni NetBSD, mfumo unaosifika kwa kukubali mashine za aina nyingi mno. Toleo lake la 1.5, la Desemba 2000, lilikuja na utaratibu wa rc.d uliosanifiwa na Luke Mewburn na wenzake. Mambo yanayozihusu huduma zote yaliwekwa katika faili moja, rc.subr. Skripti ya kila huduma ikabaki fupi: inataja jina lake, programu inayoiamsha, na huduma inazozitegemea. Programu ya rcorder huyasoma maelezo hayo na kuupanga mfuatano. Nambari za System V zilieleza zamu bila kueleza sababu. Utaratibu huu unaeleza sababu, na zamu inajitokeza yenyewe. FreeBSD iliuchukua katika toleo lake la 5.0 la mwaka wa 2003.

Upo pia mkondo ulioziacha skripti. Tangu 2010, systemd imetumia faili za maelezo badala ya amri, na kufikia 2015 Debian na Ubuntu zilikuwa zimeipokea. Faida yake ni kwamba faili moja hukubalika katika matoleo mengi ya Linux. Lakini systemd ni ya Linux pekee. Anayetaka huduma yake iamke pia katika FreeBSD au NetBSD hana budi kurejea kwenye skripti.

Hitimisho

Tumeona kwamba kuhamishika kwa skripti hakutegemei wingi wa ujuzi wa mwandishi, bali kumkumbuka kwake msomaji asiyemwona. Nasi tunaoandika kuhusu teknolojia kwa Kiswahili tunakabiliwa na mtihani uo huo. Mkenya huandika "tarakilishi", Mtanzania akaandika "kompyuta", na kila mmoja hudhani kwamba mwenzake amemwelewa. Ni wito wetu kwa wanafunzi na wahadhiri kwamba tunapoiteua istilahi mpya, tuijaribu kwanza kwa msomaji wa ng'ambo ya mpaka, kama mwandishi makini anavyoijaribu skripti yake kwa sheli isiyo yake.