Baada ya Faini: Elimu kwa Dereva Aliyetiwa Hatiani kwa Ulevi Barabarani

Kufikia saa kumi na moja alfajiri, Kariakoo imekwisha kuamka. Malori yanashusha mizigo, wachukuzi wanasukuma mikokoteni, na bodaboda wanagombea abiria wa kwanza katika Mtaa wa Msimbazi na Barabara ya Uhuru. Mahali kama hapo, ambapo mtembea kwa miguu, mkokoteni na pikipiki hutumia njia moja, kuchelewa kidogo kunatosha kuleta msiba. Pikipiki iendayo kilomita 40 kwa saa husonga mbele zaidi ya mita 5 katika kila nusu sekunde ambayo dereva amechelewa kushika breki. Pombe huiongeza nusu sekunde hiyo bila dereva kuhisi.

Sheria inasema nini

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, inakataza mtu kuendesha chombo cha moto akiwa amelewa pombe au dawa za kulevya. Ukomo uliowekwa ni miligramu 80 za kileo katika kila mililita 100 za damu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza ukomo wa chini zaidi, miligramu 50, kwa kuwa umakini huanza kupungua mapema. Anayetiwa hatiani hukabiliwa na faini, kifungo au kuzuiwa kuendesha.

Adhabu hizo zina uzito wake, lakini zinaacha swali moja bila jibu. Dereva wa bodaboda aliyelipa faini kwa fedha ambayo angempelekea tajiri wake kama hesabu ya siku anarudi kijiweni akiwa na deni jipya, lakini akiwa na ujuzi uleule. Kama hakufahamu kwa nini kipima ulevi kilimnasa asubuhi, yumkini ataamini kwamba alikosa bahati tu.

Darasa linaloamriwa kisheria

Nchi kadhaa zimejibu swali hilo kwa kuongeza elimu juu ya adhabu. Darasa la mwanzo linalojulikana sana lilianzishwa Phoenix, Arizona, nchini Marekani, mwaka 1966. Leo, katika jimbo la California, mkosaji wa mara ya kwanza hupelekwa katika programu ya angalau miezi 3 yenye saa 30 za mafunzo. Aliyekutwa na kiwango kikubwa sana cha pombe hukaa miezi 9. Uingereza hutumia njia ya hiari: mahakama humpa mkosaji nafasi ya kuhudhuria kozi kwa gharama yake mwenyewe, na akiimaliza, muda wa kufungiwa leseni hupunguzwa kwa hadi robo yake.

Somo la kwanza kwa kawaida ni hesabu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kileo. Ini la mtu mzima huondoa gramu 7 hadi 10 hivi kwa saa, kutegemea mwili wa mtu. Aliyeanza kunywa saa mbili usiku na kumaliza chupa nne amebeba gramu 80, ambazo huhitaji saa 8 hadi 11 kuondoka mwilini. Kwa hiyo akipanda pikipiki saa kumi na moja alfajiri kuwahi Kariakoo, huenda bado ana pombe mwilini ingawa amelala, ameoga na kunywa kahawa chungu. Kahawa humwondolea usingizi tu. Haiharakishi kazi ya ini. Ndimu na supu ya pweza nazo haziharakishi.

Somo la pili ni kutenganisha mazoea na uraibu. Mwenye mazoea anahitaji mpango: pikipiki ibaki nyumbani anapokwenda baa, au arudi kwa nauli. Mraibu anahitaji tiba, kwa sababu kwake maarifa peke yake hayatoshi.

Faida na mipaka yake

Mwaka 1995 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tathmini 215 za programu za namna hii. Ulionesha kwamba marudio ya kosa hupungua kwa asilimia 7 hadi 9 kwa wastani. Programu zilizounganisha elimu, ushauri na ufuatiliaji zilifanya vizuri zaidi kuliko darasa peke yake. Elimu, basi, haichukui nafasi ya adhabu, huiongezea tija.

Nafasi iliyopo hapa nchini

Tanzania imewahi kuchukua hatua ya kuzuia pombe isifike kirahisi mikononi mwa madereva: kuanzia tarehe 1 Machi 2017, pombe kali ya viroba ilipigwa marufuku. Kwa upande wa wakosaji, sheria zina mlango ulio wazi. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu mahakama kumpa kazi za jamii zisizo na malipo mtu ambaye angepaswa kufungwa kwa muda usiozidi miaka 3. Sheria ya uangalizi wa wahalifu, kwa upande wake, inaiwezesha mahakama kumweka mkosaji chini ya afisa wa uangalizi na kuambatanisha masharti ya kumzuia asirudie kosa. Mafunzo na ushauri nasaha vinaweza kuwa miongoni mwa masharti hayo.

Familia haina haja ya kusubiri hukumu. Dereva anayeshindwa kuacha pombe, au ndugu zake, anaweza kuanzia kwa afisa ustawi wa jamii au katika kituo cha afya kilicho karibu, akapewa rufaa ya kwenda hospitali kubwa zaidi inapobidi. Viongozi wa vijiwe nao wanaweza kumwomba askari wa usalama barabarani awafikie wanachama wao kwa mafunzo, na kukubaliana kanuni moja: aliyekesha baa hapewi zamu ya alfajiri. Kanuni hiyo humpotezea dereva abiria wachache wa asubuhi, lakini humwachia leseni yake, pikipiki ya tajiri wake, na maisha ya abiria aliyembeba.